Kauli Zishikanapo Mikono

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyetunga sira za watu mashuhuri wa Uyunani na Roma, asimulia kwamba Themistocles, yule amiri aliyeziongoza merikebu za Athens katika vita vya Salamis mwaka 480 kabla ya kuzaliwa Masihi, alikuwa na mtoto wa kiume aliyedekezwa mno na mama yake, na ambaye kwa kupitia kwa mama yake alipata kila alitakalo kwa baba. Basi baba mtu akasema kwa mzaha kwamba mtoto huyo ndiye mwenye nguvu kupita Wayunani wote. Kwani Wayunani huamriwa na Waathene, Waathene huamriwa na yeye Themistocles, yeye Themistocles huamriwa na mkewe, na mkewe huamriwa na mtoto. Mzaha huu wachekesha hata leo, na sababu ya kuchekesha ni kwamba msikilizaji hukubali kauli ya kwanza, akakubali ya pili, akakubali ya tatu na ya nne, kisha akajikuta amefikishwa mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angekubali kwenda lau angaliambiwa mapema. Ni wapi basi alipopotezwa? Jawabu lipo, lakini haliwezi kuonekana barabara ila kwa mtu ajuaye namna hoja ndefu zinavyojengwa kwa hoja fupi, na elimu hiyo ni mlango mmoja wa mantiki ambao wengi huupita bila ya kubisha hodi.

Msingi wa jengo ni kiyasi. Aristotle, aliyezaliwa Stagira mwaka 384 na kufariki mwaka 322 kabla ya Masihi, ndiye aliyekichambua kiyasi kwa utaratibu kamili katika kitabu chake cha Uchambuzi wa Kwanza. Alionyesha kwamba kauli mbili, zikikubaliwa na zikipangwa ipasavyo, humlazimisha mwenye kuzikubali aikubali na ya tatu, apende asipende. Tuseme: kila changu ni samaki; kila samaki ni mnyama; basi kila changu ni mnyama. Maneno ni matatu tu: changu, samaki na mnyama. Neno samaki limo katika kauli zote mbili za mwanzo lakini limetoweka katika natija, yaani kauli ya tatu, na hilo ndilo neno la kati, ambalo kazi yake ni kuwakutanisha wawili wasiojuana kisha kujiondoa. Mwanamke asukaye ukili hangojei muaa uishe ndipo apachike mwingine. Huupachika mpya wakati ncha ya ule wa zamani ingali imeshikwa ndani ya msuko, na kwa muda miyaa yote miwili huenda pamoja, mmoja ukimalizika na mwingine ukianza. Neno la kati ni pale penye miyaa miwili. Mahali hapo pasipokuwapo, pana vipande viwili vilivyolazwa karibu karibu, na ukivivuta huachana.

Natija ya kiyasi, ikisha kupatikana, haina haja ya kukaa kitako. Yaweza kufanywa kauli ya kwanza ya kiyasi kingine, na natija ya hicho ikafanywa kauli ya kiyasi cha tatu, na kuendelea. Tumekwisha kujua kwamba kila changu ni mnyama. Tukiongeza kwamba kila mnyama ni kiumbe hai, twapata kwamba kila changu ni kiumbe hai. Na tukiongeza kwamba kila kiumbe hai huhitaji maji, twapata kwamba kila changu huhitaji maji. Huo ni mlolongo wa viyasi vitatu ambamo kila kitu kimetajwa waziwazi, na kwa kweli unachosha. Watu katika mazungumzo hawasemi hivyo. Husema: kila changu ni samaki, kila samaki ni mnyama, kila mnyama ni kiumbe hai, kila kiumbe hai huhitaji maji, basi kila changu huhitaji maji. Natija mbili za katikati zimemezwa. Kauli zilizotangulia ni 4, maneno yaliyotumika ni 5, na viyasi vilivyofichika ndani yake ni 3. Hesabu hii haibadiliki katika mlolongo uliosimama sawasawa, hata ukiwa mrefu namna gani: maneno huzidi kauli za utangulizi kwa moja, na viyasi hupungua kwa moja. Aristotle mwenyewe aliitaja hesabu ya maneno na kauli katika kitabu kile kile, na msomaji mwenye shaka juu ya hoja yoyote ndefu aweza kuanza kwa kuhesabu tu. Akiona maneno ni mengi kupita yaliyostahili, ajue kwamba mahali fulani muaa haukupachikwa.

Vitabu vya Aristotle vilipofasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9 na ya 10, wanazuoni wa Kiislamu hawakuishia katika kuvihifadhi, bali walivifafanua, wakavipanga upya, na hata wakavisahihisha. Ndani ya vitabu vyao vya mantiki mna fasili ya kiyasi kilichoambatanishwa, ambacho walikigawa mafungu mawili: kile ambacho natija zake za katikati hutajwa na kuunganishwa, na kile ambacho natija hizo hutengwa zisitajwe. Mgawanyo huo umo hata katika Sullam, utenzi mfupi wa mantiki uliotungwa mwaka 941 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1534, na Abdurrahman al-Akhdari, mtu wa upande wa Biskra katika nchi iitwayo leo Algeria, ambaye mwenyewe aliwaomba wasomaji wamwie radhi kwa kuwa alikuwa kijana wa miaka 21 tu. Utenzi huo ulihifadhiwa kwa moyo na wanafunzi wa vizazi vingi, na miongoni mwa walioufasiri yumo Ibrahim al-Bajuri, Sheikh wa Azhar aliyefariki mwaka 1860, ambaye jina lake si geni kwa wasomao fikihi ya madhehebu ya Shafii. Akhdari asema kwamba mafungu yale mawili ni sawa. Kwa nguvu ya hoja, ni kweli, yako sawa. Lakini kwa msikilizaji hayako sawa hata kidogo, maana natija iliyotajwa humpa nafasi ya kupinga, na natija iliyomezwa humpita kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa uani.

Huko Ulaya mlolongo huu ulipata sura ya pili. Rudolf Goclenius, mwalimu wa chuo cha Marburg katika Ujerumani, alieleza mwaka 1598 namna ya kuupindua: badala ya kuanza na changu na kupanda hatua kwa hatua hadi kwenye maji, mtu aweza kuanza na kauli iliyo pana kuliko zote, kwamba kila kiumbe hai huhitaji maji, kisha akashuka kwamba kila mnyama ni kiumbe hai, kila samaki ni mnyama, kila changu ni samaki. Natija ni ile ile. Jina la Goclenius limeambatana na sura hiyo tangu siku hizo, na huo ni ujira mkubwa kidogo kwa kazi ya kugeuza orodha juu chini. Lakini ndivyo sifa zigawanywavyo duniani.

Lililo na manufaa zaidi ni kanuni mbili ziulindazo mlolongo. Katika sura ya kwanza, ile ya kupanda, kauli ya baadhi haina ruhusa ya kukaa popote ila mwanzoni kabisa, na kauli ya kukanusha haina ruhusa ya kukaa popote ila mwishoni kabisa. Katika sura ya Goclenius mambo hugeuka: ya kukanusha mwanzoni, ya baadhi mwishoni. Kanuni kama hizi zikitolewa kavu huonekana kama amri za mtu mwenye vidole vya wino asiye na kazi nyingine, na ndiyo maana yafaa kuzivunja makusudi na kutazama litokealo.

Tuivunje ya kwanza. Kila changu ni samaki. Baadhi ya samaki ni bunju. Basi baadhi ya changu ni bunju. Kauli mbili za mwanzo ni za kweli tupu, na natija yaweza kumuua mtu, kwa kuwa bunju ana sumu na changu huliwa. Kosa liko wapi? Kauli ya kwanza imewaweka changu wote mahali fulani ndani ya jamii ya samaki. Kauli ya pili imetaja sehemu fulani ya jamii hiyo hiyo. Lakini hakuna aliyetuhakikishia kwamba sehemu mbili hizo zinakutana. Neno la kati halikuchukuliwa lote hata mara moja, na neno la kati lisilochukuliwa lote haliwezi kuunga. Lakini kauli ya baadhi ikitangulia, hakuna madhara: baadhi ya viumbe wa baharini ni samaki, kila samaki ni mnyama, basi baadhi ya viumbe wa baharini ni wanyama. Hapa samaki wote wamechukuliwa katika kauli ya pili, na wale baadhi hawana pa kukimbilia.

Sasa tuivunje ya pili. Kila changu ni samaki. Hakuna samaki aliye ndege. Kila ndege hutaga mayai. Basi hakuna changu atagaye mayai. Mchuuzi wa samaki aliyewahi kupasua changu mwenye mayai atacheka. Tena si kwamba kauli moja ni ya uongo. Zote tatu ni za kweli, na mlolongo wenyewe, ukisikika kwa haraka, una mwendo mzuri. Ila kauli ya tatu imesema juu ya ndege peke yao kwamba hutaga, haikusema kwamba watagao wote ni ndege; na natija imejitwalia haki ya kuwasemea watagao wote. Kukanusha kulikoingia katikati kumewafungia changu nje ya jamii ya ndege, na mtu aliyefungiwa nje ya nyumba moja hajafungiwa nje ya mji mzima. Mwandishi huyu, katika makala za magazeti na hotuba za majukwaani, amekutana na kosa hili mara nyingi kupita lile la kwanza, na aghalabu limevaa nguo za kisiasa: watu wetu ni wa kundi fulani, kundi hilo si lile la pili, watu wa kundi la pili ni wapenda amani, basi watu wa kundi letu si wapenda amani. Ni mayai ya changu yale yale.

Turudi kwa Themistocles, maana kanuni zile hazimgusi. Mlolongo wake hauna baadhi wala kukanusha, hesabu ya maneno yaonekana kutimia, na sura yake ni ya kupanda bila ya kuteleza. Ulemavu wake umo katika lile neno kuamriwa. Waathene waliwaamuru Wayunani wengine kwa nguvu za merikebu na mapatano. Themistocles aliwaamuru Waathene kwa ufasaha na cheo. Mkewe alimwamuru katika mambo ya nyumbani. Na mtoto alimwamuru mamaye kwa kulia. Ukizirudisha natija zilizomezwa, ya pili itasomeka kwamba mke wa Themistocles huwaamuru Wayunani, na hapo hapo msikilizaji atauliza: huwaamuru katika jambo gani? Wakati huo mzaha umekwisha. Kumbe maneno yaliyodhaniwa kuwa matano yalikuwa mengi zaidi, kwa kuwa sauti moja ilikuwa ikibeba maana nne.

Kosa hili si la wachekeshaji peke yao. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, ataja katika barua yake ya 85 kwa Lucilius mlolongo wa wanafalsafa wa Stoa, utokao kwa mtu mwenye busara na kupita kwenye kiasi, uthabiti, utulivu wa moyo na kutokuwa na huzuni, hadi ukafika kwenye furaha kamili, ili ithibitike kwamba busara yatosha peke yake kumfurahisha mtu. Wafuasi wa Aristotle hawakuupinga kwa kukataa kauli yoyote moja kwa moja. Walisema tu kwamba mtu mtulivu wa moyo ni yule afadhaikaye kwa nadra na kwa kadiri, si yule asiyefadhaika kabisa. Seneca alikasirishwa na jawabu hilo, akaliona kuwa ni kuuteremsha wema. Lakini kwa upande wa mantiki wapinzani wake walijua pa kugonga: hawakuugusa mwanzo wala mwisho, waligusa neno la kati, na mlolongo ukalegea.

Kuna aina nyingine ya mlolongo ambayo hupatikana zaidi majumbani kuliko vitabuni, nayo ni ile iendayo kwa sharti. Mjomba amwambia mpwa wake aliyepata nafasi ya kusoma mbali: “Mwanangu, ukienda mjini utapata marafiki wapya, ukipata marafiki wapya utafuata mwendo wao, ukifuata mwendo wao utaacha mila zetu, na ukiacha mila zetu utatusahau.” Kwa sura, hoja hii ni safi: kila tokeo limekuwa sharti la linalofuata, na lau kila sharti lingalikuwa la lazima, natija nayo ingalikuwa ya lazima. Lakini mjomba hasemi ya lazima; asema ya kuelekea kuwa. Tumkubalie kwa ukarimu kwamba kila hatua hutokea kwa vijana 80 katika kila 100. Basi kati ya vijana 100 waendao mjini, 80 watapata marafiki wapya. Katika hao 80, watakaofuata mwendo wa wenzao ni 64. Katika hao 64, watakaoacha mila ni kama 51. Na katika hao 51, watakaosahau kwao ni kama 41. Kila hatua ilikuwa na nguvu, na mwisho umeangukia chini ya nusu. Simaanishi kwamba mjomba hana haki ya kuhofu, wala kwamba hakuna njia nyingine ya kusahau kwao; nasema tu kwamba hoja yake haikubeba uzito aliodhani, na kila hatua aliyoiongeza kwa nia ya kuitia nguvu ilikuwa ikiipunguza.

Ubaya huzidi pale neno wengi linapotumiwa kana kwamba ni neno kila. Manahodha wengi ni wanaume. Wanaume wengi si manahodha. Basi manahodha wengi si manahodha. Hapa haukuhitajika mlolongo mrefu. Kiyasi kimoja kimetosha kutufikisha kwenye upuuzi, na kauli zake zote mbili ni za kweli.

Mfano mkali kuliko yote, hata hivyo, ulitolewa na Eubulides wa Mileto, aliyeishi zama za Aristotle. Punje moja ya mchanga si lundo. Isiyokuwa lundo haiwi lundo kwa kuongezwa punje moja. Basi punje mbili si lundo, wala tatu, wala nne. Na ukienda hivyo kwa saburi, hata punje elfu mia hazitakuwa lundo. Neno la kati halikubadilika maana kwa namna tuwezayo kuionyesha kwa kidole, hakuna aghalabu, hakuna kukanusha kulikokaa pasipo pake. Chrysippus, mkuu wa Stoa katika karne ya 3 kabla ya Masihi, aliyesifiwa kuwa hodari wa mantiki wa zama zake, alishauri kwamba mtu aulizwaye maswali hayo moja moja anyamaze kidogo kabla ya kufika penye shaka. Carneades, mpinzani aliyekuja baadaye, alimjibu, kwa mapokeo ya Cicero, kwamba kwake yeye Chrysippus ana ruhusa ya kunyamaza, na hata ya kukoroma akipenda, lakini atatokea mtu wa kumwamsha na kumuuliza: ile hesabu uliyonyamazia, nikiiongezea moja, je? Wanafalsafa wa leo wangali wakigawanyika juu ya swali hilo, na jawabu zao ni za kina kupita ile ya Chrysippus. Ila sioni kwamba ni tulivu zaidi.

Limebaki swali la ncha ya kwanza. Kila kauli ikitaka kuthibitishwa na kiyasi kilichoitangulia, nacho na kingine, mlolongo utarudi nyuma bila ya kikomo. Aristotle, katika Uchambuzi wa Pili, ataja makundi mawili yaliyotishwa na jambo hilo: wale waliosema kwamba kwa sababu hiyo hakuna kitu kijulikanacho, na wale waliosema kwamba si neno, mlolongo na uzunguke, mwisho uthibitishe mwanzo. Yeye aliyakataa yote mawili, akasema kwamba ziko kauli za awali zijulikanazo bila ya kuthibitishwa na nyingine, na kwamba elimu yote ya burhani hutungikwa hapo.

Mtu atakaye kuona maana ya maneno hayo aifuate pembetatu. Euclid, aliyeandika karibu na mwaka 300 kabla ya Masihi, athibitisha katika jambo la 32 la kitabu chake cha kwanza kwamba pembe tatu za pembetatu yoyote zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili, yaani digrii 180. Ukimuuliza amelipataje, atakurudisha kwenye jambo la 29, lihusulo mistari sambamba inapokatwa na mstari mwingine. Ukimuuliza la 29 amelipataje, atakurudisha kwenye takwa lake la tano, lihusulo mistari miwili ielekeayo kukutana, na hapo hana tena pa kukurudisha. Akuomba tu ulikubali. Kwa zaidi ya miaka 2000 wataalamu walijaribu kulifungia takwa hilo kwenye yale mengine wasiweze. Ndipo Nikolai Lobachevsky, mwalimu wa chuo cha Kazan katika Urusi, katika makala zilizoanza kutoka mwaka 1829, akaliondoa, akaweka jingine lililo kinyume chake, akaanza kuunga viyasi kimoja baada ya kingine kwa uangalifu ule ule wa Euclid, na mlolongo wake ukamfikisha kwenye pembetatu ambazo pembe zake hazitimii digrii 180, bila ya hata kiungo kimoja kukatika.